SOMO LA MAJI: TAKATAKA ZA MASHAMBA MITONI

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuteremshia maji yaliyo safi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake.

Ama baada ya hayo, jueni, ndugu zangu, ya kuwa mto ni amana: alitupalo wa juu, wa chini hulinywa.

Tutazame mkonge. Mmea huu uliletwa Tanganyika mwaka wa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba yake yakaenea Tanga na bonde la Pangani. Katika kila ratili 100 za majani mabichi, katani ipatikanayo haifiki ratili 5. Zilizosalia ni makapi na maji makali, ambayo kwa miaka mingi viwanda vilikuwa vikiyamwaga mabondeni na mitoni.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni majani tu, si sumu." Jawabu yake: Maji ya mto yana hewa ya oksijeni, nayo ni haba, lita moja ya maji ya vuguvugu huchukua miligramu 8 tu, au pungufu. Makapi yaozapo, vijidudu viyalavyo huimaliza hewa hiyo; samaki wakafa, na maji yakawa meusi yenye uvundo. Na ndivyo yafanyavyo maganda ya buni. Ama samadi imezidi, kwani huleta na maradhi ya tumbo.

Na hukumu yake katika madhehebu ya Imamu Shafi ni hii: majani yakipukutika yenyewe yakageuza maji, hayadhuru. Lakini yakitupwa kwa makusudi, yakasagika humo, yakageuza rangi au tamu au harufu mageuzo makubwa hata yasiitwe tena maji matupu, maji hayo ni tahiri wala hayatahirishi. Udhu wake hausihi. Na yakigeuzwa na kinyesi ni najisi, yangawa mengi.

Basi zingatieni: mwenye kutupa ni mmoja, na watakaoharibikiwa na udhu ni kijiji kizima. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kudhuru na kudhuriana.

Wala udhuru haupo. Makapi hurudishwa shambani yakawa mbolea. Na huko Hale, katika mwongo wa kwanza wa karne hii ya 21, ulijengwa mtambo wa kuyatoa gesi ya kuendeshea umeme. Nawe mwenye konde dogo usiseme, "Langu ni kapu moja". Makapu ya watu wengi ndiyo yauharibuo mto.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.