Pumu Masanze: Jipange Kabla Kifua Hakijabana

Ukikaa Masanze au kijiji kingine kati ya Kilosa na Mikumi, pumu hukumalizia fedha usiku: bodaboda ya dharura, sindano, kesho yake hakuna anayekwenda shamba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 ugonjwa huu uliua watu 455,000, wengi wao katika nchi za kipato kama chetu. Haya yanaweza kukupunguzia safari hizo.

1. Zijue dawa zako mbili. Salbutamoli hufungua kifua kwa dakika chache, lakini uvimbe ndani ya njia za hewa unabaki palepale. Beklometasoni ndiyo hutuliza uvimbe huo, polepole, kwa hiyo huvutwa kila siku hata ukijisikia mzima. Wengi huiacha wiki ya kwanza wakisema haisaidii. Sukutua mdomo baada ya kuivuta.

2. Vidonge vya salbutamoli ni rahisi kupata, lakini huchelewa kufanya kazi, mikono hutetemeka na moyo huenda mbio. Ukiweza, chagua ya kuvuta.

3. Usitupe chupa ya maji ya nusu lita. Mtoto akipuliziwa dawa moja kwa moja mdomoni, nyingi huishia kooni. Toboa kitako cha chupa safi, tundu lienee mdomo wa kopo la dawa, ziba pembeni kwa plasta. Tikisa kopo, bonyeza mara moja, mtoto avute pumzi nne au tano akiwa amebana mdomo wa chupa kwa midomo, kisha rudia. Mwaka 1999 watafiti wa Cape Town wakiongozwa na Heather Zar walionyesha kuwa chupa ya namna hii huwasaidia watoto waliobanwa sawa na kifaa cha dukani. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke yenyewe. Kichanga anahitaji kifaa chenye barakoa, muulize mganga wa zahanati.

4. Moshi. Hapa ni nchi ya mkaa. Ulaya Mbuyuni na Ihombwe ni miongoni mwa vijiji vya Kilosa vilivyoingia mradi wa mkaa endelevu. Mwenye pumu asilinde tanuri. Apewe kuhesabu magunia. Nyumbani, kuni zikauke kweli, na mtoto asibebwe mgongoni mbele ya mafiga. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Vizuri sana, ila mtungi wa gesi hujazwa kwa fedha taslimu na maharage huchemka kwa saa tatu! Basi anza na kupikia nje.

5. Mkichoma mashamba kabla ya mvua, mwambieni jirani mwenye pumu siku moja kabla.

6. Hesabu dawa. Kopo la salbutamoli kwa kawaida lina mibonyezo 200. Kulielesha majini hakukuonyeshi kilichobaki. Likiisha ndani ya mwezi mmoja, pumu yako haijadhibitiwa, nenda zahanati.

7. Mgonjwa asiyemaliza sentensi, mbavu zinazoingia ndani, midomo inayobadilika rangi, mtoto asiyeweza kunyonya: mkalishe wima, mpe salbutamoli kwa chupa (kichanga kwa kifaa chenye barakoa), mibonyezo minne mmoja mmoja, na mwite bodaboda wakati huohuo. Endelea kumpa njiani. Msisubiri mkutano wa ukoo; utafanyika akisharudi.