Masomo ya Nje ya Darasa kwa Wanaosomea Biashara



Katika sharika zetu wako vijana waliokwisha kupata shahada ya kwanza, nao hurudi tena chuoni kusoma elimu ya biashara, ile iitwayo Uzamili wa Usimamizi wa Biashara. Wengine huisoma Dar es Salaam au Nairobi, na wengine wamevuka bahari mpaka Marekani. Wazazi wao huwauliza swali moja tu: "Umefaulu mtihani?" Swali hili ni jema, lakini halitoshi. Twataka mwezi huu kueleza kwa nini halitoshi, kwani wazazi na makatekista, ambao ndio huombwa mashauri na vijana hawa kabla ya kuondoka, mara nyingi hawajui habari za mambo yafanyikayo katika vyuo hivyo baada ya kengele ya darasa kulia.

Elimu hii si ya zamani sana. Huko Philadelphia, chuo cha Wharton kilianzishwa mwaka 1881, na mwaka 1908 Chuo cha Biashara cha Harvard kilianza kutoa shahada ya uzamili kwa ajili ya biashara. Walimu wa Harvard waliona mapema ya kuwa biashara haifundishiki kwa kusikiliza tu. Kwa hiyo huwapa wanafunzi visa vya makampuni yenyewe, wavisome usiku, na asubuhi wabishane wao kwa wao: je, ungalikuwa wewe bwana mkubwa wa kampuni hii, ungalifanyaje? Ni njia njema. Lakini hata kisa kilichoandikwa vizuri kimekwisha kupangwa na mtu mwingine. Hesabu zake zimekamilika, wala hamna ndani yake mnunuzi mwenye hasira, wala mwenzako aliyeahidi kuja mkutanoni asije. Mambo hayo hupatikana nje ya darasa.

Basi, huko nje kuna nini? Kwanza kuna vyama vya wanafunzi: chama cha wanaotaka kazi za benki, chama cha wanaotaka kushauri makampuni, chama cha Waafrika, na vingine vingi. Pili, katika vyuo vingine wanafunzi hukabidhiwa fedha za kweli. Chuo Kikuu cha Texas, mjini Austin, tangu mwaka 1994 kina mfuko unaosimamiwa na wanafunzi wa uzamili wa biashara, nao hununua na kuuza hisa kwa fedha za watu waliowaamini. Tena wako wanafunzi wanaojitolea kuwasaidia maskini wa Marekani kujaza karatasi za kodi bila malipo. Kazi hii inajulikana kwa jina la VITA, wala haihusu kupigana! Ni herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza. Anayetaka kuifanya hufundishwa na kupimwa kwanza, ndipo aketi mezani mbele ya mjane au dereva mwenye bahasha ya karatasi zilizokunjamana. Sisi twaiona kazi hii kuwa bora kuliko nyingi zenye jina kubwa, kwa kuwa humfundisha mwanafunzi jinsi fedha kidogo zinavyotumika nyumbani mwa mtu, jambo ambalo vitabu vya hesabu havilionyeshi.

Halafu kuna mihadhara ya wageni, nayo wanafunzi wengi huidharau, kwani haina mtihani. Hapa tungependa kukaa kidogo, maana tuna habari inayotugusa sisi watu wa Afrika Mashariki.

Mwaka 2003 Muhammad Yunus wa Bangladesh alihutubu katika chuo cha biashara cha Stanford, huko California. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu wa elimu ya uchumi, na mwaka 1976, nchi yake ilipokuwa bado na majeraha ya njaa, aliona haya kufundisha maarifa mazuri darasani huku watu wa kijiji cha jirani, jina lake Jobra, wakifungwa na madeni ya walanguzi. Akatoka na wanafunzi wake, wakaenda kijijini kuuliza. Wakakuta watu 42 ambao deni lao wote pamoja lilikuwa kama dola 27 tu. Akazitoa mfukoni mwake. Mambo hayo ndiyo yaliyozaa benki ya Grameen, iliyopata kuwa benki kamili mwaka 1983; na mwaka 2006 yeye na benki hiyo walipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Basi siku ile, katika wasikilizaji alikuwako mwanamke kijana, Jessica Jackley, naye hakuwa mwanafunzi bado, alikuwa mfanyakazi tu wa chuo. Hotuba ile haikumwacha. Mwaka uliofuata alikuja huku kwetu, akapita Kenya, Uganda na Tanzania, akiongea na wachuuzi na wafugaji wadogo waliopata msaada wa kuanzia biashara, akiwauliza maisha yao yamebadilikaje. Mwaka 2005 yeye na Matt Flannery, mumewe wa wakati ule, walifanya jaribio la kwanza: waliwaandikia rafiki zao, wakakusanya dola 3,500, wakawakopesha watu saba wa Tororo, Uganda. Fedha zilirudishwa. Ndivyo lilivyoanza shirika la Kiva, ambalo tangu hapo mikopo yake imepita dola bilioni 1. Jackley baadaye akaingia chuoni pale pale Stanford kama mwanafunzi, akapata shahada yake ya uzamili mwaka 2007.

(Tuseme kweli yote: wanaokopesha kwa njia ya Kiva hawapati riba, lakini mashirika mengi yanayogawa fedha hizo katika nchi zetu humtoza mkopaji riba. Kijana wa biashara asiishie kustaajabu tu habari njema. Na aulize pia hesabu.)

Twaona nini katika habari hiyo? Watu wengi walisikia hotuba ile ile, wakapiga makofi, wakaenda kula. Mmoja alipiga hatua ya pili, akasafiri na kuuliza, kabla ya kuanzisha neno lo lote. Hatua hii ya pili ndiyo adimu. Kijana aliyesikiliza mhadhara, kesho yake amwandikie mgeni yule maneno machache ya shukrani na swali moja lililo wazi. Si maombi ya kazi, ni swali. Mara nyingi hujibiwa, na asipojibiwa hakupotewa na kitu.

Jambo jingine ni mashindano. Wanafunzi huandika mpango wa biashara, wakasimama mbele ya waamuzi, na mshindi hupewa fedha za kuanzia. Hapa twataka kuwatuliza wale wanaoshindwa. Mwaka 2008 wanafunzi wanne wa Wharton walishangaa kwa nini miwani ni ghali mno. Mmoja wao, David Gilboa, alikuwa amesahau miwani yake ya dola 700 ndani ya ndege, akasoma miezi kadhaa bila miwani. Mwenziwe, Neil Blumenthal, alikuwa amekwisha kufanya kazi katika shirika la kuwauzia maskini miwani kwa bei nafuu. Wakaingia mashindano ya chuo chao, wasipate tuzo. Mwaka 2010 wakaanza kuuza miwani kwa dola 95, na kampuni yao, Warby Parker, leo yajulikana Marekani yote. Waamuzi walikosea? Labda. Lakini hata waliposhindwa walikuwa wamekwisha kulazimishwa kuandika bei, gharama na faida katika karatasi, na kujibu maswali ya watu wasiowapenda wala kuwachukia. Hiyo ndiyo faida ya mashindano; fedha ni nyongeza.

Tena tuangalie jambo hili. Vijana wale wanne hawakuacha masomo, wala hawakukataa kazi za mazoezi za wakati wa likizo. Mwalimu mmoja wa chuo kile, Adam Grant, aliona hiyo ni dalili ya moyo usiothubutu, akakataa kuweka fedha zake kwao, na baadaye akakiri kwa kinywa chake mwenyewe ya kuwa alipotea. Kijana akikuambia, "Baba, naacha chuo, nimepata wazo," mkumbushe habari hiyo.

Sasa tuje kwenye shida yenyewe, nayo ni saa. Juma lina saa 168, kwa tajiri na kwa maskini. Tuchukue mwanafunzi mmoja wa kutwa huko ng'ambo. Darasani hukaa saa 15, na kwa kila saa ya darasa husoma saa mbili nyingine, jumla 45. Kulala, saa 56. Kupika, kula, kufua na safari, tuseme saa tatu kila siku, ni 21. Zimebaki 46. Akifanya kazi ya maktaba saa 20 ili apate kula, zimebaki 26. Kutafuta kazi ya baadaye, barua zake na mahojiano yake, kutakula saa 10. Zimesalia 16, na ndani ya hizo imo ibada, mazungumzo na mama yake, na siku ya homa. Mwanafunzi huyu ameandika jina lake katika vyama saba! Hawezi. Atakuwa jina tu katika orodha saba, na wenzake watamjua kuwa mtu asiyefika.

Na msidhani ni mchezo wa kupoteza kidogo. Katika mwaka wa masomo wa 2024 hadi 2025 ada ya Chuo cha Biashara cha Harvard ilipita dola 70,000, kabla ya kula na kulala. Wako vijana waliokopa, na wako ambao ukoo mzima umeuza ng'ombe na shamba. Saa moja iliyopotezwa kwao ina bei.

Kwa hiyo shauri letu ni kuchagua viwili: kimoja kinachoelekea kazi anayoitaka, na kimoja cha kuwatumikia watu. Katika kimoja cha hivyo achukue kazi yenye mzigo. Sisi twapendelea utunzaji wa hazina kuliko uenyekiti. Mwenyekiti huonekana, lakini mtunza hazina huulizwa. Kijana aliyewahi kuhesabu sadaka za usharika pamoja na wazee, akaandika kila senti na kutia sahihi, ameanza somo hili zamani, wala asione haya kulieleza mbele ya wanaomhoji.

Kwa walioko Marekani kuna onyo la sheria. Mgeni mwenye viza ya F-1 aruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa juma wakati wa masomo. Kazi ya nje yataka ruhusa kwanza. Kuwa katika chama si neno, lakini kijana akishinda mashindano, kisha akaanza kuendesha kampuni na kupokea malipo, aweza kuvunja sheria bila kukusudia na kupoteza nafasi yake katika nchi ile. Basi kabla ya kugusa fedha aende katika ofisi ya chuo inayowaangalia wanafunzi wa kigeni. Na wenzi wa wazo moja waandike mapema nani ana fungu gani, wakingali wanapendana.

Wanaosoma jioni Dar es Salaam hali yao ni nyingine. Wao hutoka kazini wamechoka, wakaingia darasani, wakarudi nyumbani kwa watoto. Hao tusiwatwike vyama. Lakini darasa lao lina utajiri wake: kushoto ameketi mtu wa bandari, kulia mtu wa benki, nyuma mhasibu wa hospitali. Kikundi cha watu watano kikikutana saa mbili kila Jumamosi, kila mmoja akieleza shida moja ya kweli ya kazini kwake bila kufunua siri, watakuwa wamejitengenezea visa vyao wenyewe. Na Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, limewahi kuwafanyia wanafunzi mashindano ya kununua hisa kwa fedha za mfano. Hakuna hasara humo ila ya usingizi.

Neno dogo limebaki, juu ya kutoka. Mwaka wa pili ukikaribia mwisho, wengi hukimbilia kazi mpya, wakawaachia wadogo wao chama kisicho na vitabu. Mtunza hazina na aite mrithi wake mwezi mmoja kabla, waketi pamoja, wahesabu fedha zilizomo benki, wasome stakabadhi moja moja, waandike madeni ya chama na majina ya waliosaidia, kisha wote wawili watie sahihi mbele ya shahidi.