Kuyakagua Majani ya Mahindi

Mkulima wa Trans Nzoia akitazama shamba lake kutoka njiani huona kijani kitupu, kumbe ugonjwa umekwisha kuanza chini. Magonjwa ya ukungu aghalabu huanzia majani ya chini, ambako umande hukawia kukauka, kisha hupanda juu. Kwa hiyo, mbelewele zikikaribia kuchomoza, ingia ndani kabisa, usimame mahali 5 mbalimbali, na kila mahali uchunguze mimea 20.

Doa refu lenye umbo la mtumbwi, pengine kufikia sentimita 15, ni bakajani. Madoa membamba ya mstatili, yaliyobanwa kati ya mishipa ya jani, ni ugonjwa wa madoa ya kijivu. Unga mwekundu unaoshika kidoleni ni kutu, nayo mara nyingi haitishi sana.

La kuogopwa ni doa kulifikia jani la suke mapema, kwani jani hilo na yaliyo juu yake ndiyo hasa yanayojaza punje. Ukiliona, mwite Bwana Shamba siku hiyo hiyo. Dawa inyunyizwayo juu ya majani yaliyokwisha kukauka ni fedha iliyotupwa. Na kwa kuwa ukungu wa magonjwa hayo mawili ya kwanza huishi katika mabua yaliyobaki, yafukie baada ya mavuno, kisha upande maharagwe.