SOMO LA AFYA: Damu ya Mama Mjamzito Huganda Upesi

Katika vikundi vyetu vya akina mama swali la kutokwa damu wakati wa kujifungua huulizwa kila mara. Swali la damu kuganda haliulizwi, ingawa mambo hayo mawili ni ndugu.

Mwishoni mwa mimba, mishipa ya mji wa mimba hupitisha zaidi ya nusu lita ya damu kila dakika. Kondo la nyuma likibanduka, mishipa hiyo hubaki wazi. Kwanza misuli hukaza na kuibana, kisha damu huganda na kuiziba. Muumba aliandaa kazi hiyo mapema: mimba inapokua, mwili wa mama huongeza protini za kugandisha damu. Mojawapo, faibrinojeni, kwa kawaida ni gramu 2 hadi 4 kwa lita. Mwishoni mwa mimba hufika 4 hadi 6. Wakati huohuo protini S, ambayo huzuia kuganda, hupungua.

Lakini damu ya namna hiyo huweza kuganda pasipotakiwa, hasa ndani ya mishipa ya mguu, mara nyingi wa kushoto. Hatari kwa mjamzito ni kama mara 4 hadi 5 ya mwanamke asiye na mimba, na huzidi katika wiki 6 baada ya kujifungua, hasa kwa aliyepasuliwa. Bonge likimeguka na kufika kwenye mapafu, mama anaweza kufa ghafla.

Huku Kilimanjaro mzazi hutunzwa ndani kwa miezi, akila mtori. Desturi hiyo mimi naipenda. Mama hupata nguvu na mtoto hunyonya vizuri. Ila kupumzika kusiwe kulala kutwa. Atembee uani, anywe maji ya kutosha. Wa kufundishwa kwanza ni mama mkwe na bibi, maana ndio wenye sauti katika nyumba hiyo.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usikandwe kwa maji ya moto wala kuchuliwa kwa mafuta. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Akihema kwa shida, akichomwa kifuani au kukohoa damu, tafuteni gari hata usiku wa manane. Dawa ya heparini hutolewa kwa sindano; haipiti kwenye kondo kumfikia mtoto, na mama anayeitumia huendelea kunyonyesha.