Mjukuu Aprili, mvua nayo Aprili: niende Ujerumani au nisubiri?

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mama wa miaka 54, mkulima wa korosho hapa Newala. Binti yangu wa pili ni muuguzi Munich, Ujerumani, na anatarajia kujifungua mtoto wa kwanza tarehe 22 Aprili. Ameniomba niende nimlee mpaka arobaini iishe. Malipo ya minada yameshaingia, nauli ipo. Pasipoti ninayo.*

*Kinachonisumbua ni hali ya hewa. Baba watoto anasema Aprili si mwezi wa kusafiri: huku mvua, kule baridi isiyoeleweka. Binti mwenyewe ananiambia leo anatoka na blauzi, kesho anaamka theluji iko dirishani. Mzee anataka niende Julai, kule kukiwa na joto na huku barabara zimekauka. Mdogo wangu aliye Masasi anasema nisikate tiketi kwanza, nisubiri nione utabiri. Nikienda nikapata shida njiani nitaambiwa nilionywa. Nisipokwenda, binti atabaki na kinyongo. Silali, Shangazi.*

*Mama Mashaka, Newala*

Marahaba, ingawa kwa umri huo tunakimbizana, na huenda shikamoo ilikuwa yangu kuitoa.

Tuanze na hiyo Julai ya mzee. Munich haiko mbali na milima ya Alps, na miezi yake yenye mvua nyingi ni ya kiangazi, Juni mpaka Agosti: radi za alasiri, na mara nyingine mvua ya mawe. Ile ya Julai 1984 iliharibu magari na mapaa ya nyumba hivi kwamba watu wa huko wanaihadithia hadi leo. Kwa hiyo anayesema Julai hali ya hewa imetulia, anaizungumzia Newala. Tena Julai ni msimu wa likizo, nauli za ndege zimepanda, na shambani kwenu salfa inapulizwa. Mjukuu utamkuta wa miezi mitatu, anacheka, na mama yake ameshazivuka peke yake zile wiki alizokuitia.

Aprili nayo sikufichi. Mwaka 2024, wiki ya kwanza ya mwezi huo, joto kusini mwa Ujerumani lilikaribia nyuzi 30. Kabla mwezi haujaisha theluji ikaanguka, na baridi ya usiku ikaunguza maua ya matufaha na machipukizi ya mizabibu. Wenyeji wa Bavaria wana siku zao za katikati ya Mei, tarehe 11 hadi 15, wanazoziita za watakatifu wa barafu, na wapo wasiopanda nyanya nje mpaka zipite. Ikiwa mkulima aliyezaliwa pale hauamini msimu wake, wewe utausoma vipi ukiwa Newala, na huu ni Januari? Utabiri wa siku kwa siku hutegemewa kwa muda wa kama wiki moja. Ule wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) kwa mikoa yetu, wa Novemba hadi Aprili, hukueleza kama mvua zitakuwa za wastani, juu au chini ya wastani. Haukwambii kama Jumanne fulani gari litapita. Mdogo wako akikusubirisha utabiri, atakukatisha tiketi ya dakika za mwisho kwa bei ya dakika za mwisho.

Baridi yenyewe isikutishe. Aprili mchana wa Munich huwa kama nyuzi 14, usiku hushuka hadi 3 au 4. Umekulia Newala, ukungu wa Juni unapojaa Shimo la Mungu unaujua, basi tarajia baridi kuliko hiyo na uvae zaidi. Koti jipya usinunue Dar. Shuka Masasi sokoni siku wanapofungua marobota ya mitumba, uliza makoti mazito. Wateja wake ni wachache, bei utaishusha. Jaribu zipu mara mbili tatu, kung'uta mifuko, kisha mwagia maji kidogo begani uone kama yanateleza au yananywewa, maana Aprili ya kule mvua nyembamba inasumbua kuliko theluji. Huenda koti hilo lilitoka hukohuko Ujerumani, nawe unalirudisha kwao. Ndani vaa fulana, sweta juu yake, na taiti nzito chini ya gauni la kitenge, ili jua likitoka upunguze na likizama uongeze. Makubazi yaache nyumbani.

Sasa nikwambie ninachokiogopa mimi, nacho si Munich. Ni njia ya kutoka Newala kwenda Dar es Salaam. Vimbunga vya Bahari ya Hindi huwa havifiki kwetu, lakini vikifika huchagua miezi hiyohiyo. Aprili 1952 kimoja kilipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingia Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na watu wa pwani ya Mtwara walikuwa wameshaambiwa wahame mabondeni. Mwaka 2024, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Lindi kwenda Dar maeneo ya Somanga, mabasi na malori yakakwama siku kadhaa. Hapo bado sijautaja mteremko wa kutoka uwandani kwenda Masasi, ambao mpaka lami ya barabara ya Mnivata, Newala hadi Masasi ikamilike yote, mvua ya usiku mmoja inaugeuza utelezi.

Ndiyo maana nasema: ndege ikiwa inaruka Jumamosi, wewe Jumatano uwe umelala Dar. Ukipenda kupanda ndege Mtwara ni sawa, lakini nayo huahirishwa mvua ikizidi, kwa hiyo siku hizo usizipunguze. Tiketi ya Dar hadi Munich iwe moja, pamoja na kituo cha kubadilishia ndege, kwa sababu ukichelewa kuunganisha ndani ya tiketi moja shirika linawajibika kukufikisha. Ukiwa umeunganisha tiketi mbili mwenyewe, jukumu la kukufikisha ni lako. Na lipia ile inayokubali kubadilishwa tarehe. Ni ghali kidogo, najua. Kwa mwezi kama Aprili, pesa hiyo ndiyo bima yako.

Halafu usiilipie kabla ya viza. Ubalozi huhitaji kuona nafasi iliyoshikwa, haulazimishi tiketi iliyolipwa. Ombi la viza fupi ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Jibu kwa kawaida huchukua siku 15, lakini likihitaji uchunguzi laweza kufika 45. Ada kwa mtu mzima ni euro 90. Utahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na mwaliko rasmi ambao binti ataufuatilia kwenye ofisi ya wageni ya kule. Taarifa yako ya benki itaonyesha pesa ikiingia kwa mkupuo mara chache kwa mwaka, na afisa asiyejua korosho anaweza kushangaa. Ambatanisha barua ya chama chako cha msingi (AMCOS) na stakabadhi za mauzo, pia karatasi za shamba, aone una cha kukurudisha. Viza hizi kwa kawaida hupewa siku 15 za akiba kwenye tarehe zake, ili safari ikisogea isiharibike. Siku za kukaa zenyewe haziongezeki. Ukiomba siku 60, arobaini inaisha vizuri hata kama mtoto atachelewa. Na wa kwanza huchelewa mara nyingi. Watoto wanaozaliwa tarehe ileile ya karatasi ni wachache mno.

Panga ufike kama tarehe 15. Usipofika kabla mtoto hajazaliwa, dunia haitaanguka, na hili mwambie binti waziwazi asikubebeshe mzigo wa saa na dakika. Kule mkunga huja mpaka nyumbani siku za mwanzo baada ya kujifungua, bima ya afya ikilipia. Mvua ikikushika Lindi siku tatu, mzazi ana mtu. Ukifika utakuta wanafungua madirisha kwenye baridi ili hewa ibadilike, na mtoto mchanga anatolewa nje kwenye kigari akiwa amefunikwa. Usianze ugomvi. Jua nalo mwishoni mwa Mei huzama karibu saa tatu usiku, usije ukasubiri giza ndipo upike. Kwenye begi pakia korosho zilizobanguliwa. Nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia.

Nigusie na ambalo hukuliandika. Mzee hajawahi kuwa mtaalamu wa hali ya hewa ya Bavaria mpaka ulipopata mwaliko. Umesema binti amekuomba wewe. Hukusema kama alimpigia baba yake. Unaondoka wakati wa palizi ya mikorosho, unaliacha jiko, unakwenda mbali kwa miezi miwili. Mtu mzima haoni rahisi kusema atabaki mpweke, basi anasema mvua. Mwache binti ampigie mwenyewe, amwombe ruhusa kama mtoto anavyomwomba baba, na amuulize jina la mjukuu. Vibarua wa palizi wapatikane na kulipwa kabla hujaondoka. Nani atapika, lijadilini mezani, wala usimwachie aligundue siku ya pili. Akiendelea kukataa baada ya hapo, mwite kaka yake mkubwa au mtu anayemsikiliza, mkae. Mimi sikushauri uondoke kwa kutoroka.

Kama mama wa Newala, Tandahimba au Masasi ameshakwenda kulea mzazi Ulaya mwezi huo, atuandikie tumpe mwenzetu uzoefu wake.

Nenda Aprili, mama. Ombi la viza lifike Dar kabla Januari haijaisha, na mzee ndiye akusindikize mpaka uwanja wa ndege.