Mpini wa Wembe: Somo kwa Vinyozi na Walezi wa Wazee Lavington

Mtu akikatwa na wembe, lawama huenda kwa makali. Hata hivyo, wembe butu hukata ngozi, na wembe mkali huweza kupita shavuni bila kuacha alama. Tofauti mara nyingi hutokana na namna mkono ulivyoushika, yaani mpini. Somo hili linawahusu vinyozi wa Lavington, Valley Arcade na Kawangware, pamoja na wasaidizi wa nyumbani na jamaa wanaowanyoa wazee wasioweza tena kujinyoa.

Wembe usio na mpini

Katika nyumba nyingi wembe wa pande mbili bado huvunjwa katikati, nusu moja ikashikwa kwa vidole vitupu. Wembe huo una unene wa takriban milimita 0.1. Vidole havina cha kukamata, kwa hiyo hubana kwa nguvu. Kadiri mtu anavyobana ndivyo vidole vinavyochoka upesi, na povu la sabuni likifika hapo, chuma huteleza. Wa kwanza kukatwa huwa ni anayenyoa. Damu yake ikigusa kidonda cha anayenyolewa, hatari inakuwa ya watu wawili.

Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1904, Mmarekani King C. Gillette alipewa hataza ya kifaa kilichobana wembe mwembamba na kuacha ukingo mdogo tu ujitokeze, chini yake kukiwa na mpini. Mwaka 1975 kampuni ya Bic ilianza kuuza wembe wa kutupa wenye mpini mwepesi wa plastiki. Vifaa hivyo vyote vilitengenezwa kwa mtu anayejinyoa. Kumnyoa mwingine ni kazi tofauti: kiwiko kinakaa upande mwingine na kifundo cha mkono hupinda vibaya. Ndiyo sababu mwaka 2017 Gillette ilitoa wembe uitwao Treo, maalum kwa walezi, wenye mpini unaoshikwa kama brashi ya rangi.

Mambo manne ya kuangalia

1. Unene. Mwongozo uliotolewa mwaka 2004 na taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, unapendekeza kipenyo cha milimita 6 hadi 13 kwa vifaa vya kazi ya makini, na milimita 32 hadi 51 kwa vifaa vinavyoshikwa kwa kiganja chote. Mpini mwembamba unamfaa mwenye vidole vizima. Mwenye baridi yabisi au aliyepata kiharusi hawezi kubana kitu chembamba kwa muda mrefu. Mpini wa karibu milimita 30 humwezesha kutumia kiganja, na maumivu ya viungo vya vidole hupungua.

2. Mshiko. Mpini laini unaong'aa huteleza ukilowa. Wenye mikwaruzo au mpira hukamatika vizuri zaidi.

3. Urefu. Mpini mfupi mno humlazimisha mlezi kukaribisha vidole kwenye makali. Uwe mrefu kiasi cha kupita upana wa kiganja.

4. Uzito. Kichwa kizito kuliko mpini huvuta mkono chini. Kifaa kilicholingana kinahitaji kuongozwa tu, bila kukandamizwa.

Kuunenepesha mpini nyumbani

Si lazima kununua kifaa kipya. Kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kilichooshwa kwa sabuni, kinaweza kuvishwa kwenye mpini wa wembe wa kutupa na kuzungushwa mara kadhaa hadi unene ufae, kisha kikafungwa kwa gundi ya utepe. Sentimita mbili karibu na kichwa ziachwe wazi ili wembe usuuzwe vizuri. Sponji na kitambaa hufaa pia, lakini hunyonya maji na damu. Kwa hiyo mpini wa namna hiyo uwe wa mtu mmoja tu na ubadilishwe unapochakaa.

Kwenye kinyozi mambo ni kinyume. Mpini wa huko uwe wa kitu kisichonyonya maji, usio na nyufa, unaoweza kusuguliwa na kutiwa dawa.

Kumnyoa mzee

Mzee aketi wima, kichwa kikiegemea, mwanga ukimulika uso. Uso ulainishwe kwa taulo yenye maji vuguvugu, kisha upakwe sabuni. Mlezi asimame ubavuni, ashike mpini kama kalamu, na avute ngozi taratibu kwa mkono wa pili. Wembe ulale kwa pembe ya takriban nyuzi 30, uende unakoelekea unywele, kwa mikato mifupi. Kunyoa kinyume au kurudiarudia sehemu moja huleta vipele, hasa kwa ndevu za kujikunja.

Kabla ya kila hatua mlezi aseme anachofanya: "Guka, sasa naanza shavu la kulia." Mzee aliyeambiwa hashtuki, na asiposhtuka hakatwi. Kama mkono wake mmoja bado una nguvu, apewe wembe anyoe sehemu anayoweza. Kunyolewa na mtu mwingine kila siku ni jambo zito kwa mtu aliyejinyoa maisha yake yote.

Mzee anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda ni afadhali anyolewe kwa mashine ya umeme.

Kwa vinyozi

Kila mteja na wembe wake mpya. Virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu isipoonekana. Mpini usafishwe kwa maji na sabuni kwanza, kisha uloweshwe kwa dakika 10 katika dawa ya klorini ya asilimia 3.5 iliyochanganywa kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji. Baadaye usuuzwe na kukaushwa, maana klorini huozesha chuma.

Wembe uliotumika usitupwe ovyo kwenye mfuko wa taka. Anayeubeba mfuko huo hana habari ya kilichomo. Utiwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, iandikwe "NYEMBE", na mkusanyaji wa taka aarifiwe.

Aliyekatwa na wembe uliotumiwa na mwingine aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka, asilikamue, kisha aende kituo cha afya mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV hutolewa ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanzwa mapema ndivyo zinavyofaa.

Jaribio la mpini

Kabla ya kununua au kuendelea kutumia wembe, mtu aushike ukiwa na kifuniko, mikono ikiwa na povu, na ajiulize:

– Je, unateleza au kuzunguka mkononi?
– Je, vidole vinalazimika kubana hadi viume?
– Je, kidole chochote kinagusa kichwa cha wembe?

Jibu likiwa "ndiyo" hata kwa swali moja, mpini huo unenepeshwe au ubadilishwe kabla ya kugusa uso wa mtu.