Mzee anakubali kila ninachosema, kisha jioni yuko kilabuni

SWALI: Daktari, mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Michenga, Ifakara. Kati ya wagonjwa ninaowatembelea yuko mzee mmoja anayetumia dawa za kifua kikuu. Dawa anameza, ila gongo nayo haimpiti. Nimemweleza yote: ini, mapafu, fedha ya mpunga inavyoishia kwenye pombe, aibu kwa watoto. Kila nikimaliza ananijibu, “Sawa mwanangu, nimekuelewa.” Jioni nampita yuko kilabuni. Mkewe ananiambia niache upole, nimtishie polisi. Nimesikia kuna namna ya kuzungumza na watu wa pombe na dawa za kulevya ambayo wataalamu hufundishwa. Ikoje, na je, mtu kama mimi naweza kuitumia?
Mhudumu wa afya, Michenga

JIBU: Nianze na hilo jibu la mzee, maana ndani yake mna kisa kizima. Mtu mzima akihubiriwa na kijana nyumbani kwake hufanya moja kati ya mawili: hubisha, au hukubali ili mgeni amalize aende zake. Mzee wako ni mstaarabu, amechagua la pili. Madhara ya gongo anayajua kuliko mimi na wewe. Ndiye anayetapika alfajiri, ndiye anayeona gunia la mpunga likiyeyuka kabla masika hayajarudi. Kumweleza kwa mara nyingine hakumwongezei chochote.

Namna uliyoisikia huitwa mahojiano ya kuhamasisha. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliieleza kwanza mwaka 1983 katika makala kuhusu watu wenye tatizo la pombe, na mwaka 1991 yeye na Stephen Rollnick wakaiandikia kitabu. Msingi wake ni huu: karibu kila anayelewa kupita kiasi ana nia mbili zinazovutana. Moja inataka kunywa, nyingine imechoka. Wewe ukiisemea ile iliyochoka, yeye anabaki na kazi ya kuitetea ile nyingine, na kila anapoitetea inapata nguvu. Mwaka 1993 Miller na wenzake walichapisha utafiti uliosikiliza mazungumzo ya washauri na wanywaji, kisha ukafuatilia unywaji wao mwaka mmoja baadaye. Kadiri mshauri alivyobishana na mteja, ndivyo mteja alivyokutwa akinywa zaidi. Ukali ule tunaodhani ni dawa ulikwenda pamoja na hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo kazi yako ni kumfanya mzee aseme mwenyewe yale uliyokuwa ukimwambia. Nikupe mfano wa namna mazungumzo yanavyoweza kwenda.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Umeniletea hotuba?”

“Leo nimekuja kuuliza tu. Hii gongo inakusaidia nini?”

Atashangaa, maana hajawahi kuulizwa hivyo. Pengine atasema: “Inatoa uchovu. Halafu kilabuni ndiko waliko wenzangu.”

“Kumbe ndipo unapopumzika, ndipo na jamaa zako walipo.”

“Ndiyo. Ila siku hizi…”

Hapo nyamaza. Usimmalizie sentensi. Kimya hicho kitakuwasha, kivumilie.

“Siku hizi mwili haukubali. Juzi nimemeza dawa nikazitapika zote.”

“Mwili umeanza kukataa, na dawa unataka zikutibu.”

“Nataka nipone. Mpunga atavuna nani?”

Sikia alichosema. “Nataka nipone” imetoka kinywani mwake, wala hukumtilia. Na hapa ndipo wengi tunapoharibu: tunarukia, “Basi baba, si uache gongo!” Tukifanya hivyo tunairudisha hotuba, naye anarudi kwenye “sawa mwanangu.” Mwulize badala yake habari za huo mpunga. Shamba liko wapi, mwaka jana alivuna nani, mwaka huu anajiona wapi mavuno yakifika. Kadiri anavyoeleza kwa nini anataka kupona ndivyo anavyojisikia akisema.

Angalia pia ulichofanya katika mazungumzo hayo mafupi. Uliuliza swali lisilojibika kwa ndiyo au hapana. Ulirudisha maneno yake ili ajue amesikiwa, na ukayasogeza hatua moja mbele. Kuna na la tatu ambalo mfano haukuonyesha: kumtambua kwa jema la kweli alilofanya. Mzee huyu, pamoja na gongo yake yote, bado anameza dawa. Mwambie umeliona hilo. Sifa ya uongo ataitambua mara moja, lakini hii ni kweli.

Akishazoea, mwulize: kutoka sifuri hadi kumi, kupunguza gongo kuna umuhimu gani kwako sasa? Tuseme anajibu nne. Usimwulize kwa nini si kumi, maana atakuorodheshea vikwazo. Mwulize kwa nini ni nne na si moja. Hapo atatafuta sababu za kupunguza, na atazipata.

Hii haina maana kwamba umfiche ukweli wa kitabibu. Omba ruhusa kwanza: “Baba, naomba nikueleze jambo moja kuhusu dawa zako na gongo, kisha uniambie unavyoona.” Atakubali. Mweleze kwa ufupi kwamba dawa za kifua kikuu zinalielemea ini, na pombe inaliongezea mzigo huo huo. Kisha mwulize anaonaje. Mwambie pia asiruke vidonge kwa sababu jana alikunywa. Wapo wagonjwa wanaoacha dawa siku za pombe kwa kuogopa vikichanganyika, na dozi zinazorukwa zinawapa vijidudu nafasi ya kuwa sugu. Aje kliniki aseme ukweli, wahudumu watajua la kufanya. Macho yakiwa ya njano au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, aende siku hiyo hiyo.

Mpango wa kupunguza autoe yeye. Huenda akaanza na kutokunywa siku za kliniki, au kumpa mama fedha ya mpunga ashike. Kwa bonde letu la Kilombero naona msimu wa mavuno ndio mtihani mkubwa: fedha inaingia kwa mkupuo baada ya miezi ya ukata, na kilabu kinajua. Ukiweza, zungumza naye kabla mpunga haujauzwa.

Kama wewe unaweza? Unaweza. Moshi, katika Hospitali ya KCMC, watafiti wa hapa nchini na wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, akiwamo daktari Catherine Staton, walitengeneza mazungumzo ya aina hii kwa Kiswahili kwa ajili ya majeruhi wanaofikishwa idara ya dharura na ambao wana tatizo la pombe. Yanaitwa Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Yanachukua kama robo saa, na wanaoyafanya ni wauguzi waliofunzwa, wala si madaktari bingwa wa akili. Lakini usitarajie muujiza. Mapitio ya tafiti nyingi duniani yanaonyesha kuwa njia hii inashinda kutofanya kitu, ila haizishindi waziwazi tiba nyingine, na nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Ndiyo maana kurudi kwako nyumbani kwa mzee ni sehemu ya tiba. Ujuzi nao hauji kwa semina ya siku mbili. Tafuta mwenzako mmoja mfanye mazoezi, akusikilize akuambie ni wapi umeteleza ukahubiri.

Sasa nakuomba unisome kwa makini. Kama mzee anakunywa kila siku, na hasa kama anaanza asubuhi ili mikono iache kutetemeka, usimhimize aache ghafla nyumbani. Mwili uliozoea pombe kwa miaka ukiikosa kwa mkupuo unaweza kumpa degedege, na katika siku mbili tatu za mwanzo akaanza kuona na kusikia visivyokuwepo, jasho likimtoka na moyo ukienda mbio. Hali hiyo inaua. Anahitaji kuachishwa chini ya uangalizi wa hospitali, kwa dawa za kutuliza na vitamini B1. Kwenu kuna Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Francis. Akianza dalili hizo apelekwe bila kungoja kuche. Afanyiwe vivyo hivyo akilalamika kuwa macho hayaoni vizuri baada ya gongo, kwa kuwa gongo isiyojulikana imepikwaje inaweza kuwa na methanoli, na methanoli hupofusha.

Wengine huniuliza kama methadoni ingesaidia. Haitibu ulevi wa pombe. Ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii hiyo, na hapa nchini ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011. Aliye na ndugu wa namna hiyo apige namba 119 ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, bila malipo. Mazungumzo niliyokueleza yanamfaa yeye pia.

Nabaki na mama. Kisheria hajakosea, gongo ni haramu. Lakini wewe ukiingia nyumbani mwake na polisi mdomoni, mzee hatakuambia tena amekunywa kiasi gani, hatakuambia ametapika dawa, na siku ya degedege hutaitwa. Siri za mgonjwa umekabidhiwa, zilinde. Mweleze mama hivyo kwa heshima, mwambie na yeye aache kumhesabia mzee makosa usiku akiwa amelewa, kwani maneno ya saa hiyo hayaingii. Asubuhi mzee akiwa mzima, amwambie jambo moja tu analolihofia.

Kabla ya hayo, mkae pembeni wawili, umwulize kama mumewe akilewa humpiga yeye au watoto. Akisema ndiyo, ushauri wangu unabadilika. Hapo usalama wake unatangulia mahojiano yoyote, na ofisi ya ustawi wa jamii pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndiko umsindikize, ikibidi siku hiyo hiyo.